Kanuni za Mchezo na Nafasi ya Msichana

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kila mchezaji huvaa uhusika wa kubuni, naye msimulizi hueleza yanayowakabili. Aghalabu dadu ndiyo huamua atakayefaulu. Baadhi ya wabunifu hudhani kuwa jalada lenye rangi ya waridi latosha kuwavutia wasichana. La hasha! Kinachomkaribisha au kumfukuza msichana ni kanuni.

Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka wa 1974, ulichipuka kutokana na michezo ya vita. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliwawekea wahusika wa kike kikomo cha nguvu kilichokuwa chini ya kile cha wanaume. Kikomo hicho kiliondolewa katika toleo la 1989. Hivyo basi, kabla ya hapo, aliyetaka shujaa wa kike alikuwa amekwisha kuwekewa mpaka hata kabla mchezo haujaanza.

Golden Sky Stories wa Mjapani Ryo Kamiya, uliotolewa mwaka wa 2006, hauna dadu. Wahusika ni wanyama wawezao kujigeuza watu, nao huwasaidia wenyeji wa mji mdogo. Wachezaji hutuzana kwa matendo ya kupendeza, na tuzo hizo huimarisha uhusiano wa wahusika.

Wapo wasichana wapendao upanga. Hata hivyo, mbunifu na ajiulize kwanza: kanuni zake zamtuza nani, na kwa lipi?