Kipupwe cha Karatu na Zabibu za Dodoma

Kila mwaka, kusi inapovuma na watu wa Unguja na Pemba wakasema kwamba kipupwe kimeingia, huko Karatu katika Mkoa wa Arusha neno hilo huwa na maana nzito zaidi. Mji wa Karatu umekaa juu kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko juu zaidi, kupita meta 2,200. Asubuhi za Juni, Julai na Agosti ukungu huteremka kutoka msituni ukayafunika mashamba ya kahawa yaliyo chini ya mlima Oldeani, na wazee wa Kiiraqw huonekana njiani wamejifunika mablanketi. Jioni, katika mahoteli, kuni huwashwa. Huo ndio wakati wageni wanapofurika. Mgeni aliyeshinda garini akitazama simba na vifaru hurejea akitetemeka, huketi karibu na moto, na kabla ya chakula huletewa orodha ya mvinyo.

Orodha hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Katika zile tulizopata kuziona, majina yanayotangulia ni ya Afrika ya Kusini, kisha Italia, Ufaransa na Chile. Mvinyo wa Dodoma, ukiwapo, umewekwa chini kabisa, kama kwamba umewekwa kwa kuonewa haya.

Tunafahamu vyema kwamba wasomaji wetu wengi wa visiwani hawagusi kinywaji hicho, na dini yao hairuhusu. Hatuna nia ya kumshawishi mtu yeyote anywe. Tunazungumza juu ya jasho la mkulima, na katika jambo hilo mwenye mikarafuu wa Wete au Mkoani ataelewa upesi kuliko mtu mwingine.

Aliyezoea kusoma habari za mizabibu ya Ulaya anajua kwamba kule mti huo hupukutisha majani majira ya baridi yanapofika, ukalala, na mwenye shamba akapata nafasi ya kupumzika pamoja nao. Dodoma haina theluji wala baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiachwa utaendelea kuchipua bila mpango mpaka uchoke. Kwa hiyo mkulima mwenyewe ndiye anayeufanyia mzabibu kipupwe chake: huunyima maji, akachukua mkasi, akapogoa matawi yaliyokwisha zaa mpaka shamba likabaki nguzo, waya na vigogo vitupu. Hapo mti hudanganyika ukadhani mwaka umekwisha, na maji yakirudi huchipua upya. Kwa njia hii shamba la Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwanza Machi hadi Aprili, kisha Agosti hadi Septemba. Ni nchi chache duniani zinazoweza kusema hivyo.

Lakini mavuno mawili maana yake ni kazi maradufu. Familia yenye ekari moja au mbili huko Hombolo, Mpunguzi au Bihawana haina mwezi wa kukaa kitako. Kupogoa kukiisha kuna kufunga machipukizi juu ya waya. Baada ya hapo kuna kupalilia, na kupiga dawa za salfa na mrututu ili koga lisiingie. Vishada vikianza kubadilika rangi kuna kuwafukuza ndege tangu alfajiri, kazi ambayo kwa kawaida huwaangukia watoto. Mavuno ya Machi huja katikati ya mvua, na siku chache za unyevu zinatosha kuoza shada zima. Yale ya Agosti yana nafuu: anga ni kavu, usiku una ubaridi, na zabibu hukusanya sukari vizuri, mradi mkulima ana maji ya kumwagilia. Si ajabu basi kwamba hayo ndiyo mavuno ambayo wengi huyategemea kwa ada za shule na bati za nyumba.

Na hapa ndipo lilipo tatizo lenyewe. Mkulima wa kahawa wa Karatu akiona bei ni mbaya anayo njia. Amekwisha koboa buni yake, akaivundika, akaiosha na kuikausha. Anaweza kuiweka ghalani mwezi, miwili, hata zaidi, akisubiri. Mpemba naye huanika karafuu zake juu ya jamvi, zikikauka anazitia guniani, na gunia halimwamrishi auze leo. Zabibu haingoji. Ikishaiva mtini ni suala la siku, na ikishachumwa ni suala la saa. Mnunuzi akichelewa wiki moja, au akisema matangi ya kiwanda yamejaa, mwenye shamba hana la kufanya ila kuuza kwa bei atakayoambiwa, au kuziacha zikauke na kuanguka. Kilio hicho kimesikika Dodoma si mara moja, na viongozi mbalimbali wamekwenda kukisikiliza.

Kwa hiyo ile karatasi iliyo mezani Karatu si jambo dogo la anasa za wageni. Chupa isiyoagizwa Ngorongoro ni nafasi isiyofunguka katika tangi la Dodoma, na tangi lililojaa ndilo linalomfanya mnunuzi amwambie mkulima arudi kesho.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Zabibu zilianza kupandwa Bihawana na wamisionari wa Kikatoliki kabla ya Uhuru, na baada ya Uhuru Serikali ikakieneza kilimo hicho kwa wananchi. Palikuwapo Kampuni ya Mvinyo ya Dodoma, DOWICO, mali ya umma. Na hoteli kubwa ya ukingoni mwa kreta ilikuwa chini ya Shirika la Utalii, nalo mali ya umma. Chupa za Afrika ya Kusini hazikuwa na njia, kwa sababu nchi yetu iliwagomea makaburu, na ilifanya haki. Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa za neema tupu. DOWICO iliyumba ikasimama, na wakulima wengi wakang'oa mizabibu yao kwa kukata tamaa. Tunachosema ni kwamba wakati ule ofisi moja ya Serikali iliweza kuiuliza nyingine kwa nini haiuzi mvinyo wa nyumbani. Leo hoteli ni za watu binafsi, viwanda ni vya watu binafsi, Afrika ya Kusini huru ni ndugu yetu katika eneo la biashara huria la SADC, na swali hilo halina mwenye kuliuliza.

Wenye hoteli wanazo sababu zao, na si zote ni visingizio. Husema kwamba mgeni wa Ulaya amezoea mvinyo mkavu, na kwamba kwa muda mrefu mvinyo wa Dodoma uliojulikana zaidi ulikuwa mtamu. Ni kweli. Lakini tangu miaka ya mwanzo ya 2000, Cetawico ilipojengwa huko Hombolo kwa mtaji na ujuzi wa Kitaliani, na wengine wakafuata, mvinyo mkavu umekuwa ukitengenezwa. Uko mweupe wa Chenin Blanc, unaofaa kwa samaki na kwa chakula cha mchana jua likiwa limetoka. Uko mwekundu wa Syrah. Na uko ule wa zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, jina lililotokana na mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini ya mji wa Dodoma. Tukiulizwa ni upi wa kumtilia mgeni anayeota moto ukingoni mwa Ngorongoro usiku wa Julai, mbele yake pana nyama ya mbuzi ya kuchoma, tungependekeza huo wa mwisho. Si kwa kuwa unawashinda wa Ufaransa. Ni kwa sababu mgeni hakusafiri kilomita elfu nyingi kuja kunywa kile kile anachokinywa kwao.

Husema pia kwamba mzigo hauji kwa wakati, na kwamba chupa ya leo hailingani na ya mwezi uliopita. Lawama hii ni ya haki, na inaelekea viwandani. Chupa, vizibo na lebo vinagharimu sana mtengenezaji mdogo. Vizibo vya gome havipatikani katika misitu yetu, sharti viagizwe. Kiwanda kidogo kinachokosa chupa huuza mvinyo wake kwa jumla ukiwa bado mchuzi, na faida ya kuwekwa chupani inakwenda kwa mwingine.

Sababu moja ambayo hatuikubali tena ni ya barabara. Zamani lori la kutoka Dodoma kwenda kaskazini lililazimika kupambana na vumbi na matope ya Kondoa. Tangu mwaka 2018 lami imefika kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, na kutoka Babati kuna lami mpaka Makuyuni, kisha Karatu, hadi lango la Ngorongoro. Lori likiondoka Dodoma alfajiri linaweza kushusha mzigo Karatu siku hiyo hiyo. Chupa ya Cape Town imepita bandari na maghala mangapi kabla ya kufika pale?

Serikali imekwisha onyesha nia yake katika ushuru. Sheria ya ushuru wa bidhaa inaupa unafuu mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na unaotokana na zabibu za kigeni hulipa zaidi. Ni hatua njema, lakini unafuu huo hupatikana mvinyo ukishatengenezwa. Mkulima anaumia kabla ya hapo, zabibu zikiwa bado kwenye makreti kando ya njia. Anachohitaji ni mahali pa kukamulia palipo karibu, na matangi ya ushirika ambayo ndani yake mchuzi wa zabibu unaweza kungoja, kama karafuu inavyongoja guniani na kahawa ghalani. Mkulima mwenye mchuzi tangini anaweza kubishana juu ya bei. Mwenye zabibu mbichi mkononi hawezi.

Kwa upande wa mahoteli, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro inao uhusiano na kila hoteli iliyomo katika eneo lake, na hakuna inayofanya kazi pale bila kibali. Tungependa wahusika watuambie kama kuna kizuizi chochote cha kuweka katika mikataba hiyo sharti jepesi: kwamba mvinyo wa nchi uwekwe juu ya orodha, kwa bei isiyopandishwa kuliko ile ya kigeni, na kwamba mhudumu aujue vya kutosha kuueleza. Mgeni yule yule akimaliza Ngorongoro hupanda ndege kuja Unguja, akafikia Nungwi au Paje, na orodha anayoikuta huko hufanana na ile aliyoiacha Karatu. Wizara zinazoshughulikia utalii, ya bara na ya visiwani, zinaweza kuandikiana juu ya hilo. Barua hiyo ingefaa iandikwe mapema, kabla ya mavuno ya Agosti, wakati mashada bado ni mabichi na mnunuzi hajaja kusema kwamba matangi yamejaa.