Vita vya Mezani: Adui Huja kwa Mawimbi

Kusimulia vita si kazi nyepesi. Mtu mmoja akipigana na mwenzake, hata mtunzi mchanga ataweza kutueleza nani alipiga na nani alikwepa. Lakini yakikutana majeshi, ulimi huwa mzito. Ukimtaja kila askari, hadithi haitembei. Ukiwataja wote kwa jumla, hapana hata mmoja anayeonekana. Watunzi wetu wa tendi waliujua mzigo huu, ndipo wakamtoa shujaa mbele ya safu ili msikilizaji apate wa kumwonea huruma.

Leo nataka tuwatazame watu wengine kabisa waliotwikwa mzigo huo huo, nao ni wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Ulio mashuhuri zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Asiyeujua na auelewe hivi: watu wanne au watano huizunguka meza, kila mmoja ameshika mhusika wake, mpiganaji au mganga au mwizi wa usiku. Mmoja wao ni msimamizi. Yeye ndiye msimulizi, ndiye mwamuzi, na ndiye anayewaendesha maadui wote. Penye shaka ya jambo kufaulu au kutofaulu, hurushwa dadu, na iliyo maarufu ina pande 20.

Najua wapo watakaoshtuka kusikia dadu. Hukumu yake nawaachia wanaoijua. Ninaloweza kushuhudia ni kwamba pale nilipoketi sikuona senti ikiwekwa mezani, wala mshindi akitangazwa. Kilichokuwapo ni hadithi inayotungwa na watu watano kwa pamoja.

Asili ya mchezo huu ni vita. Huko Prussia, mwaka 1824, luteni mmoja aitwaye Georg von Reisswitz aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa kuwafunza maofisa. Palikuwa na ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu za kukadiria hasara, na mwamuzi wa kupokea amri za pande mbili. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akachapisha kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa bandia. Kisha mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren wakatoa kanuni zao ziitwazo Chainmail. Humo sanamu moja ndogo ilisimama badala ya watu 20, na shujaa mmoja alihesabiwa kuwa na nguvu za watu wanne.

Angalia basi mambo yalivyogeuka. Dungeons & Dragons ulizaliwa ndani ya michezo ya majeshi, lakini ulipokua uliliacha jeshi ukamfuata mtu. Kila mhusika ana zamu yake, silaha yake na kiasi chake cha uhai. Kanuni hizo zinawafaa watu watano wakipambana na wanyang'anyi sita. Wakija maadui 60, mashine hiyo hukwama.

Niliwahi kuyaona haya kwa macho yangu, katika nyumba ya jamaa yangu mmoja, vijana walipokuwa wakiulinda mji wao wa kubuni usivamiwe na mazimwi 60. Msimamizi, kwa uaminifu wake, alimrushia dadu kila zimwi. Piga hesabu: sekunde 20 kwa kila moja ni dakika 20 nzima kabla ya mchezaji kupata zamu ya kunena neno. Binti aliyekaa pembeni, ambaye mhusika wake alikuwa akivuja damu langoni, alianza kuambua karanga. Si kwamba hakujali. Alikuwa amemlea mhusika yule kwa miezi mingi, na sasa angekufa au kupona katikati ya orodha ya tarakimu, pasi na yeye kuchagua lolote.

Dawa ya kwanza ni kupunguza hesabu. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 2014 kina jedwali la makundi. Badala ya kumrushia kila adui, unatazama dadu ingehitaji kuonyesha ngapi ili apate kupiga. Ikihitajika 15, basi kila maadui wanne wanaomzunguka mtu huhesabiwa pigo moja. Mazimwi 12 ni mapigo matatu, yamekwisha. Toleo la mwaka 2008 lilipita njia nyingine: liliweka maadui wadogo wenye uhai wa nukta moja tu, akiguswa ameanguka, msimamizi hana deni la kuandika.

Dawa ya pili, nami naiona ndiyo kubwa, ni mawimbi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa neno hili. Bahari haiji yote mara moja. Huja, ikavunjika, ikarudi nyuma, na katika kule kurudi nahodha hupata nafasi ya kugeuza chombo. Basi wale 60 wagawe: mawimbi manne ya watu 12, na 12 wa mwisho wabaki akiba nyuma ya kilima pamoja na mkuu wao. Bandubandu huisha gogo, na huku bandubandu hiyo inawala pande zote mbili.

Lakini kugawa peke yake hakutoshi. Wimbi la pili likiwa sawa na la kwanza, wachezaji watasinzia vile vile. Kila wimbi na lilete jambo jipya: la kwanza ngazi za kupandia ukuta, la pili moto juu ya mapaa, la tatu adui aliyejificha katika nguo za wakimbizi. Kabla halijafika, itangulie dalili, kama vile ngoma, vumbi, au ukimya wa ghafla. Na baina ya mawimbi kuwe na pumzi fupi yenye swali gumu. Muda unatosha kwa jambo moja tu: tutawafunga majeraha waliolala, au tutaliziba lango? Hapo ndipo yule binti angeziacha karanga zake.

Tena, lengo lisiwe kuua wote. Mpe mlinzi kitu cha kulinda: daraja lishikwe mpaka wazee na watoto wavuke. Kanuni za mwaka 1981 zilikuwa na kipimo cha ushupavu kwa dadu mbili. Anapokufa wa kwanza wao, na tena nusu yao wakishaanguka, maadui hupimwa kama watasimama au watakimbia. Kipimo hicho kina hekima, kwani majeshi mengi huvunjika moyo kabla ya kuvunjika hesabu.

Nina neno moja la kuwausia wasimamizi vijana. Wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo nyika. Jedwali linaloharakisha mchezo ndilo hilo hilo linalofuta nyuso. Mapigo matatu, watu kumi chini, endelea. Mkishazoea kuhesabu hivyo, hata wafu wa kwenye habari za kweli wataanza kuwa tarakimu. Kwa hiyo katika kila wimbi mpe adui mmoja uso: anayeita jina la nduguye, au anayetupa mkuki na kuinua mikono. Kisha mnyamaze, muwasikilize wachezaji wanaamua kumfanya nini.