Kompyuta ya Mpiga Picha Safarini: Anza na Diski na Matundu

Ndege ndogo zinazotoka Arusha kwenda Seronera, au uwanja wa Wilson jijini Nairobi kwenda Maasai Mara, kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 za mizigo, na mabegi yawe laini ili yaingie vizuri kwenye tumbo la ndege. Mpiga picha wa wanyama akishapakia kamera mbili na lenzi ndefu, sehemu kubwa ya kilo hizo imekwisha. Zilizobaki ni za nguo, dawa, chaja na kompyuta. Mashine yenye kioo cha inchi 16, kilo mbili na ushee bila chaja yake, inaanza hapo kumnyima mwenyewe nafasi ya vitu anavyovihitaji zaidi.

Wengi wanaotaka ushauri juu ya kompyuta ya safari huanza na prosesa: ipi ina kasi zaidi, ya kizazi gani. Mimi huwarudisha kwenye kazi yenyewe. Kompyuta ya safarini ina kazi moja kubwa: kila jioni itoe picha kwenye kadi ya kamera na kuziweka mahali pawili tofauti kabla mpiga picha hajalala. Kuchuja, kurekebisha rangi, kutengeneza albamu, yote hayo yanaweza kungoja nyumbani. Ukiipima mashine kwa kazi hiyo ya jioni, sifa nyingi zinazotangazwa madukani zinapungua uzito, na vitu vidogo ambavyo muuzaji havitaji kabisa vinapanda juu.

Tuanze na hesabu. Faili moja ya RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa na megabaiti 25 hadi 30 hivi. Kamera ya megapikseli 45 inaweza kufika megabaiti 50 na zaidi. Sasa fikiria nyumbu wanapovuka Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba. Kamera nyingi za leo hupiga picha 20 kwa sekunde. Ukishikilia kidole sekunde kumi tu, una picha 200, yaani gigabaiti sita kwa faili za megabaiti 30. Na nyumbu hawavuki kwa sekunde kumi. Siku moja ya namna hiyo kujaza gigabaiti 60 si jambo la ajabu, na siku saba zinakupeleka kwenye gigabaiti 420. Ukichanganya na video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, ongeza gigabaiti 45 kwa kila saa ya kurekodi.

Kwa hiyo zile kompyuta ndogo za bei rahisi zenye hifadhi ya gigabaiti 64 ziache, hata kama ni nyepesi na betri yake inadumu. Windows 11 peke yake inadai mashine iwe na hifadhi isiyopungua gigabaiti 64. Utafika porini na kompyuta iliyojaa kabla hujaweka picha hata moja. Chini ya gigabaiti 512 sishauri. Lakini pia sishauri mtu alipie terabaiti mbili za ndani. Watengenezaji hutoza nafasi ya ndani ghali kuliko diski ya nje yenye ukubwa uleule, katika mashine nyingi nyembamba hifadhi hiyo imechomelewa ubaoni na haibadilishwi, na kompyuta ikiibwa inaondoka na kila kitu. Fedha hizo nunulia diski mbili za nje za SSD, terabaiti moja kila moja. Diski ya aina hiyo ni nyepesi mno: Samsung T7, kwa mfano, ina gramu 58.

Nasisitiza SSD, maana bado watu wengi husafiri na diski ngumu za zamani kwa sababu ni za bei nafuu. Ndani ya diski ngumu mna sahani inayozunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea kwenye utando mwembamba sana wa hewa. Ikidondoka wakati inafanya kazi, au gari likirukaruka kwenye barabara ya makorongo, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo wapandaji wa Kilimanjaro hawaambiwi. Utando ule unahitaji hewa ya kutosha, na diski nyingi za kubebeka zimeandikiwa na watengenezaji wake kikomo cha kufanyia kazi cha takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha Horombo kiko karibu mita 3,700, Kibo ni mita 4,700 na kitu, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Mtu anayewasha diski ngumu Kibo ili ahifadhi picha za siku anaitumia nje kabisa ya mipaka yake. SSD haina kinachozunguka wala kinachoelea. Baridi ya kule juu bado itapunguza nguvu ya betri za kamera na kompyuta, kwa hiyo usiku zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia.

Baada ya diski, tazama matundu. Kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa, ikisomwa kupitia USB ya kizazi cha pili kwa kasi halisi ya megabaiti 35 hivi kwa sekunde, itachukua nusu saa. Kadi ya kawaida ya aina ya UHS-I kwenye tundu la USB 3, kwa megabaiti 90 kwa sekunde, itamaliza kwa dakika 12. Kadi ya UHS-II iliyo na kisomaji cha aina yake, ikifika megabaiti 250, itamaliza kwa dakika nne na sekunde kadhaa. Kambini, ambako jenereta huwashwa kwa saa chache na kesho mnaondoka alfajiri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utanakili picha zote au utalala ukiwa umenakili nusu.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakionekani kwa macho, nacho ni waya. Waya za USB-C zinafanana kwa nje, ila nyingi zinazokuja na chaja zimetengenezwa kwa ajili ya umeme, na data huipitisha kwa kasi ya USB 2 tu. Unaweza kuwa na kompyuta nzuri na diski nzuri, ukazifunga mguu kwa waya wa simu. Tumia waya uliokuja na diski, uwekee alama ya rangi, na usiuazime mtu.

Hesabu pia idadi ya matundu. Jioni unahitaji kisoma kadi, diski ya kwanza, diski ya pili na umeme kwa wakati mmoja. MacBook Air ya inchi 13, ambayo tangu ile ya M2 ya mwaka 2022 ina kilo 1.24, ni mashine ninayoipenda kwa safari. Haina feni tangu mwaka 2020, hivyo haivuti vumbi la Serengeti ndani yake, na betri yake hudumu. Lakini haina tundu la kadi ya SD, kwa hiyo mwenye nayo lazima abebe kisoma kadi na habu ndogo. Upande wa pili, ThinkPad X270, mashine ya mwaka 2017 inayoingia kwetu kama mtumba kutoka Ulaya na Dubai, ina tundu la SD ubavuni, diski yake ya ndani hubadilishwa kwa bisibisi, na betri ya nyuma huchomolewa na kuwekwa nyingine bila kuzima kompyuta. Uzito wake hauzidi sana ule wa Air, na bei ni sehemu ndogo tu. Kwa mwongoza watalii anayeanza kupiga picha, hiyo inatosha kabisa. Ukinunua ya mtumba, pima afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, kabla hujalipa.

RAM ya gigabaiti nane inatosha kunakili. Kama utahariri kwenye Lightroom, tafuta 16. Prosesa yoyote ya miaka ya karibuni itafanya kazi hii.

Umeme una uzito zaidi kuliko prosesa. Mashine inayochajiwa kwa USB-C inaweza kutumia chaja ya simu yenye nguvu ya kutosha, chaja ya gari, au pawabenki. Ile yenye chaja ya pini ya zamani itakudai inveta kwenye Land Cruiser. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74, na betri ya kompyuta nyepesi huwa na Wh 50 hivi, hivyo hata ukitoa nishati inayopotea njiani utaijaza mara moja. Mashirika ya ndege yanakubali pawabenki isiyozidi Wh 100 bila kibali maalumu, mradi iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwe kwenye begi la kupakiwa chini.

Je, kishikwambi hakitoshi? Kwa anayepiga JPEG, au RAW chache, kinatosha. Tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, iPad inasoma diski za nje, na iPad Pro ya inchi 11 ya mwaka 2024 ina gramu 444 tu. Ila ina tundu moja, na programu zinazonakili picha mahali pawili kwa mpigo na kuhakiki kila faili ni nyingi zaidi kwenye kompyuta. Anayelipwa kwa picha zake, awe wa harusi Zanzibar au wa simba Ngorongoro, namshauri kompyuta.

Wengine hutegemea intaneti. Gigabaiti 30 kwa kasi ya kupakia ya megabiti tano kwa sekunde zinahitaji zaidi ya saa 13 bila mtandao kukatika. Tuma kumi bora zilizopunguzwa ukubwa, basi.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, katika kitabu chake The DAM Book alieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mbali na nyingine. Safarini naitafsiri hivi: kadi yenyewe, diski ya kwanza kwenye mkoba wa kamera, diski ya pili kwenye begi la nguo au kwa mwenzako wa safari. Lightroom na Photo Mechanic zote zinaweza kuandika nakala ya pili wakati wa kuingiza picha. Fomati diski zote mbili kwa exFAT, ili zisomeke na kuandikika kwenye Windows na kwenye Mac. Kadi isifutwe mpaka umefungua picha kadhaa kutoka kila diski na kuziona zikiwa nzima, na kufuta kufanyike ndani ya kamera.

Diski au kadi ya bei ya kushangaza ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya safari. Zipo zinazojitangaza kuwa terabaiti mbili huku ndani zina gigabaiti 32, na zinaendelea kupokea picha bila kulalamika huku zikiandika juu ya zile za mwanzo.

Ukienda kununua kompyuta, beba kadi yako iliyojaa, kisoma kadi, diski zako na waya zake. Mwombe muuzaji aiache mashine kwenye betri, nakili kadi nzima, tazama saa, na angalia betri imeshuka asilimia ngapi. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.