Je, Wajua? Bokiboky, Mrusha Mayai wa Misitu ya Menabe

Je, wajua bokiboky huvunjaje yai? Hulala ubavu, akalikamata kwa miguu yote minne, kisha akalirusha kwa nguvu. Lisipopasuka hulifuata, hulala tena, hurusha tena, mpaka ganda liachie naye arambe ute na kiini. Mnyama mwenyewe hafikishi hata kilo 1.

Bokiboky ni mla nyama wa misitu mikavu ya magharibi mwa Madagaska, hasa eneo la Menabe, karibu na mji wa Morondava. Huonekana mchana. Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na mgongoni ana mistari myembamba ya giza, 8 hadi 10, iliyonyooka kutoka mabegani hadi kwenye mkia. Aliyemtambulisha kwa wanasayansi ni Mfaransa Alfred Grandidier, mwaka 1867. Huyo ndiye ambaye jina lake limebaki pia kwenye ile mibuyu mirefu ya Morondava ambayo watalii husafiri mabara na mabara kwenda kuipiga picha. Wengi huiona mibuyu wakaondoka bila kujua kwamba msituni, mwendo mfupi tu kutoka hapo, bokiboky anafukua udongo.

Na kufukua ndiyo kazi yake kubwa. Chakula chake hasa ni wadudu na mabuu yao, anayoyatoa ardhini na kwenye magogo yaliyooza, hata wakati wa kiangazi kirefu ambapo miti karibu yote imepukutisha majani. Akikutana na mjusi, nyoka mdogo au ndege, hamwachi. Usiku hujificha kwenye mashimo ya miti au ya ardhini.

Je, wajua kwamba madume na majike wake hawakai pamoja? Majike huishi na watoto wao katika vikundi vidogo vya ukoo wa kike. Madume nao huunda vikundi vyao, vya wawili, watatu au wanne. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja, baada ya kubeba mimba takribani miezi mitatu. Kwa mnyama mdogo kiasi hicho, huo ni uzazi wa polepole mno, na ndiyo maana idadi yao ikishapungua hairudi upesi.

Ukimtazama utaapa kwamba ni nguchiro. Wataalamu nao waliamini hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2003 mtafiti Anne Yoder na wenzake walichunguza vinasaba vya wanyama wala nyama wa Madagaska, na jibu likawa la ajabu: bokiboky, fosa mkubwa anayewinda lemuri, falanouki anayekula minyoo na kuhifadhi mafuta mkiani, wote ni wa ukoo mmoja. Nguchiro ni binamu zao tu. Babu yao alitoka Afrika bara, akafika kisiwani miaka milioni 18 hadi 24 iliyopita.

Alifikaje? Wakati huo Madagaska ilikuwa imekwisha kutengana na Afrika kwa zaidi ya miaka milioni 100, na Mlango wa Msumbiji, hata pale ulipo mwembamba, ni kama kilomita 400 za maji. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mafuriko yalimsomba kwenye rundo la miti na majani, mto ukamtema baharini, na mkondo ukambeba. Lakini mikondo ya leo ingemrudisha Afrika! Mwaka 2010 watafiti Jason Ali na Matthew Huber walitengeneza upya mikondo ya kale kwa kompyuta, wakaona kwamba zamani bahari ile iliwahi kutiririka kuelekea mashariki. Mimi hilo hunisisimua kuliko yote: ukoo mzima wa wawindaji wa kisiwa kikubwa hivyo umetokana na wasafiri wachache, pengine jike mmoja mwenye mimba, waliovuka bahari bila kukusudia.

Leo bokiboky yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Msitu wa Menabe unachomwa kwa ajili ya mashamba ya mahindi na karanga, na mbwa wanaoingia msituni humwinda. Msitu huohuo ndio makao pekee ya lemuri mdogo kuliko wote duniani, mwenye uzito wa gramu 30 tu, na ya panya mkubwa arukaye anayekaribia ukubwa wa sungura. Mahindi hustawi pale misimu michache tu, kisha udongo huchoka, na mkulima ambaye hana ardhi nyingine hulazimika kusogeza moto mbele.