Maradhi ya Parkinson: Kwa nini mwili hukataa kutii amri

MKONO wa mzee unapotetemeka ukiwa umetulia mapajani, hatua zake zikawa fupi na sauti ikafifia, wengi husema ni uzee. Dalili hizo zikiandamana, huenda zikawa za maradhi ya Parkinson, ambayo chanzo chake si udhaifu wa misuli bali upungufu wa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo.

Dhana hiyo ya uzee huwanyima wengi matibabu. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2008, ulipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuelezwa na daktari wanaugua nini. Hali hiyo haiwezi kutarajiwa kuwa nafuu Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambako familia nyingi za wafugaji huishi mbali na hospitali. Kutoka mji wa Garissa hadi Nairobi, waliko wengi wa madaktari bingwa wa ubongo na neva, ni takriban kilomita 370. Kwa anayetoka Wajir au Mandera, safari ni ndefu zaidi.

Maradhi haya yalielezwa na daktari wa London, James Parkinson, mwaka wa 1817. Siri yake ilianza kufichuka mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mwanasayansi wa Uswidi, Arvid Carlsson, alipowapa sungura dawa inayomaliza dopamini. Wanyama hao walilala wasiweze kusogea. Walipopewa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, waliinuka. Carlsson alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka wa 2000.

Dopamini inayohusika hutengenezwa na seli zilizo katika eneo dogo jeusi la ubongo wa kati. Nyuzi za seli hizo hufika kwenye vituo vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo huamua ni mwendo upi uruhusiwe na upi uzuiwe.

Vituo hivyo vyaweza kulinganishwa na lango la zizi lenye wachungaji wawili. Mmoja hufungua, mwingine hufunga. Dopamini humtia moyo anayefungua na kumtuliza anayefunga, hivyo mifugo hutoka kwa utaratibu.

Dopamini inapopungua, anayefungua hulegea na anayefunga hupata nguvu kupita kiasi. Amri ya kuinua mguu hutolewa, lakini lango halifunguki upesi. Ndiyo maana mgonjwa huwa mzito wa kuanza kutembea, viungo hukakamaa na uso hukosa bashasha.

Badiliko jingine limo katika mdundo wa seli zenyewe. Kwa kawaida kila kundi la seli hufanya kazi kwa mpigo wake. Dopamini ikikosekana, seli nyingi huanza kupiga kwa pamoja, kati ya mara 13 na 30 kwa sekunde, kana kwamba mifugo yote imesukumana langoni kwa wakati mmoja. Mdundo huo huandamana na uzito wa mwili, na hupungua mgonjwa anapomeza levodopa.

Dalili za mwendo hujitokeza wakati sehemu kubwa ya dopamini katika vituo hivyo imekwisha kupotea. Levodopa haifufui seli zilizokufa wala haizuii nyingine kufa, bali hurejesha kemikali iliyopungua, na kwa hivyo lazima imezwe kwa saa zake.

Hapa chakula cha mfugaji kina uzito wake. Protini ya maziwa na nyama hushindana na levodopa kupenya kutoka utumbo hadi damuni, na kutoka damuni hadi ubongoni. Mgonjwa anayemeza tembe pamoja na bilauri ya maziwa ya ngamia aweza kudhani dawa haifai. Kwa kawaida hushauriwa aimeze nusu saa kabla ya mlo, au saa moja baadaye.

Mwezi wa Ramadhani nao huhitaji maandalizi. Kuacha levodopa ghafla kwaweza kuufanya mwili ukakamae, joto lipande na maisha yawe hatarini. Uislamu umemruhusu mgonjwa kula, na anayetaka kufunga yafaa amwone daktari mapema.

Zipo pia dawa zinazozuia kazi ya dopamini, kama vile haloperidoli ya maradhi ya akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Zaweza kuleta dalili zinazofanana na za Parkinson, au kumzidishia anayeugua tayari. Jamaa wanapompeleka mzee hospitalini, wabebe dawa zote anazotumia.

Na wakati lango limefungwa, asikemewe kwa ukaidi. Amekwisha kuamua kutembea. Ni ubongo ambao haujampa njia.