Bakuli la Katikati

Katika taverna ya Ugiriki, iwe kando ya bandari ya Piraeus au katika kijiji cha milimani, chakula hakianzi na sahani ya kila mtu. Huanza na kikapu cha mkate na bakuli dogo linalowekwa katikati ya meza. Ndani mna kitu cheupe, kizito, chenye michirizi ya kijani, na mafuta ya zeituni yametuama juu yake. Hiyo ndiyo tzatziki: mtindi uliochujwa, tango, kitunguu saumu, mafuta, siki na chumvi. Nyama bado iko jikoni. Watu humega mkate, huchovya, na mazungumzo huanza.

Aliyekulia kwenye sinia la pilau hatashangazwa na mikono mingi katika chombo kimoja. Wagiriki wana neno parea, yaani kundi la marafiki waliokutana bila shughuli nyingine ila kuwa pamoja. Vyakula vidogo vidogo vya kuchovya na kudonoa huitwa meze, na huandamana na ouzo au tsipouro, pombe kali ambazo kwa desturi hazinywewi tumbo likiwa tupu. Meze si kitangulizi tu cha mlo. Mara nyingi meze ndiyo mlo wenyewe: visahani huingia kimoja baada ya kingine kwa saa tatu au nne, na hakuna anayeuliza kipi ni cha nani.

Adui wa tzatziki ni maji, na ufundi wake wote ni kuyatoa. Tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Mbegu zikiwa kubwa huondolewa kwa ncha ya kijiko, kisha tango hukwaruzwa na kunyunyiziwa chumvi. Baada ya nusu saa chumvi huwa imevuta maji, na tango limelegea na kuogelea ndani yake. Hapo hukamuliwa kwa viganja viwili, kama mtu anavyokamua tui kwenye machicha ya nazi, mpaka lisidondoshe tena. Mpishi mwenye haraka huiruka hatua hii, na kabla wageni hawajaketi bakuli lake huwa limegeuka uji.

Mtindi nao hukamuliwa kwa njia yake. Humiminwa katika kitambaa cha pamba kiitwacho tsantila, pembe nne zikafungwa, ukaning'inizwa juu ya sufuria usiku kucha. Maji yake hudondoka polepole, na asubuhi hubaki mtindi unaosimama wenyewe kwenye kijiko. Lita moja yaweza kubaki nusu yake. Aliyeko Arusha au Nakuru akipata mtindi usiotiwa sukari na kitambaa cheupe safi, atafika palepale.

Kwa nusu kilo ya mtindi uliochujwa latosha tango moja, punje mbili au tatu za kitunguu saumu zilizopondwa kwa chumvi, vijiko viwili vya mafuta ya zeituni na kijiko kimoja cha siki. Wengi huongeza shibiti iliyokatwakatwa, wengine nanaa, na wapo wasiotaka jani lolote. Vyote hugeuzwa taratibu kwa kijiko, maana mashine huuvunja mtindi ukarudi kuwa mwepesi. Kisha bakuli hulazwa penye baridi kwa saa chache, ladha zipate kujuana. Ukionja mara tu baada ya kuchanganya, utakuta tango peke yake na kitunguu saumu peke yake.

Chimbuko la ladha hii ni malisho. Ugiriki ni nchi ya mawe na miteremko, na kondoo na mbuzi ndio wanaoiweza. Maziwa ya kondoo yana mafuta kiasi cha asilimia 6 hadi 7, karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mtindi wake ni mzito hata kabla ya kuchujwa, na wa kienyeji huwa na utando wa malai juu yake. Wasarakatsani, wafugaji wa kuhamahama wa milima ya kaskazini, waliishi kwa kalenda ya watakatifu wawili. Sikukuu ya Mtakatifu Georgi, 23 Aprili, ilikuwa ishara ya kupandisha mifugo milimani. Ile ya Mtakatifu Dimitri, 26 Oktoba, ilikuwa ishara ya kuteremka mabondeni kabla ya theluji. Mfugaji wa Longido angeielewa kalenda hiyo bila mkalimani. Kwa watu wa namna hiyo, maziwa mabichi ni mali ya siku moja tu. Yakigandishwa hukaa siku kadhaa; yakichujwa hukaa zaidi, na kubebeka kwake ni rahisi.

Kuna siku, hata hivyo, ambazo bakuli hili halitakiwi mezani. Kanisa la Kiorthodoksi huwataka waumini waache nyama, mayai na maziwa kila Jumatano na Ijumaa, na kwa muda wote wa Kwaresima ya siku 40 pamoja na Juma Kuu. Wiki ya mwisho kabla ya mfungo ni ya jibini: nyama imekwisha kuagwa, maziwa bado yanaruhusiwa. Ikifika Jumatatu Safi, siku ya kwanza ya mfungo, watu hutoka kurusha tiara vilimani, na chakula chao ni mkate bapa uitwao lagana, zeituni, pweza, na taramosalata iliyotengenezwa kwa mayai ya samaki. Mtindi umekwenda zake.

Kitunguu saumu hakifungi. Tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika, samaki huruhusiwa, na nyumba nyingi hukaanga bakaliaros, samaki wa chumvi, wakamla na skordalia. Hiyo ni viazi au mkate uliopondwa pamoja na kitunguu saumu na mafuta. Ni kama binamu wa tzatziki aliyeachiwa nyumba wakati mwenyewe yuko safari. Pasaka ikiwadia, mwanakondoo mzima huzungushwa juu ya makaa tangu asubuhi, na bakuli jeupe hurudi mahali pake. Leo si wote wanaofunga kwa ukamilifu, na souvlaki, yaani mishikaki, yenye tzatziki huuzwa mijini siku yoyote. Lakini ladha ya kitu kilichosubiriwa wiki saba haifanani na ya kitu kinachopatikana kila siku.

Kitunguu saumu kina kazi nyingine pia. Wagiriki huchelea mati, jicho la husuda, na huamini kwamba kitunguu saumu hulikinga. Mtoto akisifiwa kupita kiasi, husikika mtu akisema "skorda!", yaani vitunguu saumu, mahali ambapo Mswahili angesema mashaallah.

Jina la chakula chenyewe lina safari yake. Tzatziki limetokana na neno la Kituruki cacık, na Waturuki wana bakuli lao: jepesi zaidi, mara nyingi lililotiwa maji, linalonyweka kwa kijiko wakati wa joto. Kupro huita yao talatouri na kuitia nanaa. Bulgaria wana tarator, supu baridi yenye jozi. Iran wana mast-o khiar. Ukiendelea mashariki utafika kwenye raita ya Wahindi, ambayo pwani yetu inaijua vyema kando ya biriani. Mwaka 1923, kwa mkataba uliotiwa saini Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilibadilishana watu kwa kigezo cha dini: Wakristo zaidi ya milioni moja walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia vita, na Waislamu wapatao laki nne walipelekwa Uturuki. Familia zilizoishi pamoja karne nyingi zilitenganishwa na bahari. Mpaka uliwagawa watu, lakini pande zote mbili ziliendelea kukamua matango yaleyale.

Kwa nini basi bakuli huwekwa katikati? Muulize yeyote aliyewahi kula tzatziki peke yake mchana, kisha akaenda kuketi na watu. Kitunguu saumu hunukia kwa asiyekila. Mezani wakila wote, hakuna anayekisikia. Akijitenga mmoja, yeye ndiye atakayeteseka jioni nzima. Chakula hiki kinataka watu wakubaliane kabla ya kuanza, na wakishakubaliana hakuna tena wa kumwonea haya mwenzake. Mwishoni mkate wa mwisho huzungushwa bakulini kufuta mafuta yaliyobaki, kitendo ambacho Wagiriki hukiita papara. Waungwana wengine husema si adabu, lakini nao hungoja wenzao wasipotazama.