Murchison: Mahali Mto Nile unapobanwa na mwamba

Mngurumo husikika kabla maporomoko hayajaonekana. Tulikuwa ndani ya boti iliyoondoka Paraa, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tukielekea juu ya mto. Viboko walizama na kuibuka, tembo walikunywa maji ukingoni, na mamba walijianika mchangani, midomo wazi. Kisha mapovu meupe yakaanza kupita kando yetu. Tulikuwa tumekaribia.

Je, hapa hutokea nini? Mto Nile, ukitoka Ziwa Victoria kwenda Ziwa Albert, hukuta mwanya wa mwamba wenye upana wa takriban mita 7 tu. Maji hujibana humo na kuanguka mita 43. Chini yake mto hutanuka na kutulia, na wanyama hukusanyika hapo. Samaki waliolevywa na kishindo cha maji huwa mawindo rahisi ya mamba.

Maporomoko hayo pia ni kizuizi. Sangara wa Ziwa Albert hakuweza kuyapanda. Alifika Ziwa Victoria baada ya kupelekwa na binadamu miaka ya 1950.

Jina Murchison lilitolewa na Mwingereza Samuel Baker mwaka 1864. Enzi za Idi Amin yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza.

Lakini nguvu inayowavuta watalii huwavuta pia wazalishaji wa umeme. Mwaka 2019 kampuni ya Afrika Kusini iliomba kujenga bwawa la megawati 360 kwenye maporomoko jirani ya Uhuru, yaliyozuka kwa mafuriko ya mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru. Wadau wa utalii walipinga. Serikali ilitangaza kulikataa ombi hilo, kisha mwaka huohuo ikaruhusu upembuzi yakinifu.

Hofu yao ina msingi: maporomoko ya Bujagali, karibu na Jinja, yalifunikwa na maji ya bwawa lililokamilika mwaka 2012. Na ndani ya hifadhi ya Murchison kwenyewe, uchimbaji wa visima vya kuzalisha mafuta ulianza mwaka 2023.

Uganda inahitaji umeme na mapato, hilo halina ubishi. Swali ni nini kitabaki kwa atakayekuja baadaye.

Ukienda, usiishie kwenye boti. Panda kwa miguu hadi juu ya mwanya, usimame palipo salama, uone mto ukipita hapo.